Kasia la Kuketi

Bafwasende, Jumapili, katikati ya mwezi wa sita. Ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani nikisema nakwenda kwa miezi mitatu.

Mwanangu Georgine,

Barua hii ataileta Trésor, yule kijana wa pikipiki anayebeba mawese kutoka huku hadi Kisangani. Anaondoka saa tisa mchana. Amesema kama barabara haikumeza gurudumu lake, Jumanne atakuwa mlangoni kwenu, nawe unapanda ndege Alhamisi. Misa imekwisha, shimo letu la dhahabu halichimbwi Jumapili, na mimi nimekaa juu ya jerikani nje ya kibanda, nimeweka kipande cha ubao kwenye magoti. Sijaandika kitu kirefu tangu niache shule darasa la sita, kwa hiyo herufi zangu zikilala ovyo kama wachimbaji waliokunywa lotoko, zisamehe.

Mambo ya sweta, ya vidonge vya malaria na ya kutopoteza pasipoti sitayagusa. Mama yako anayajua kuliko mimi, na hata ningekuambia, ungeitikia "ndiyo papa" kisha ukafanya yako. Nataka tuzungumze juu ya ile sauti uliyonitumia kwenye simu.

Niliisikiliza juu ya kilima, mahali pekee huku ambapo mtandao unashika, Zéphyrin akiwa pembeni yangu. Zéphyrin ni mwenzangu wa shimo: mimi nashuka, yeye anashika kamba juu. Ulisema hivi: "Papa, tonton Floribert amesema mbele ya watu yote kwenye mawe, nikienda, mahali yetu imekwisha. Bon, nitabaki tu. Ule muto ya Ulaya iko, haitakimbia." Halafu ukanyamaza, na nyuma ya kunyamaza kwako nikasikia maporomoko yanavuma. Zéphyrin akaniuliza, "Huyu mutoto analia?" Nikamwambia, "Hapana. Ile ni maji." Lakini wewe na mimi tunajua ilikuwa yote mawili.

Jibu langu naliweka hapa mwanzoni, ili hata barua ikilowa njiani uwe umelipata. Nenda.

Sasa, kuanzia mstari unaofuata mpaka nitakapoandika "basi", umsomee tonton wako kwa sauti. Msomee wakati anakula, maana akila hawezi kujibu.

Floribert, mdogo wangu. Mahali pa baba yetu kwenye maporomoko ni matundu matatu katika mwamba, na kila tundu lina mti wake. Baba aliyapokea kwa baba yake, na yule kwa wake. Maji yakishuka, mwenye mahali anakwenda na kamba za kekele kutoka msituni, anafunga miti upya. Maji yakipanda, kutoka kwenye miti hiyo anateremsha vikapu vyake vikubwa kwenye mkondo, samaki waingie. Sheria yetu haina karatasi wala hakimu. Anayefunga kamba wakati wa maji madogo ndiye mwenye mahali. Nyumba ikikosa kufunga msimu mmoja, ndugu yeyote wa damu anaweza kufunga, na hapo pamekuwa pake. Sheria hiyo naijua. Matope ya Bafwasende hayajaniosha akili.

Mwaka jana sikuwepo. Georgine alifunga. Ulisimama palepale mikono kifuani, ukisema mtoto mwanamke hafungi miti, na wengine wakacheka pamoja nawe. Alifunga siku nzima, maji yakimpiga mapajani. Mwezi wa kumi mto ukajaa, na miti yetu haikutikisika. Iliyokwenda na maji ilikuwa ya kwako. Nasikia mmoja ulionekana mbali huko Yanonge, unaelea vizuri tu, kama msafiri aliyelipa nauli.

Kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba anauza mahali pa babu yake. Yeye ndiye aliyepashika. Aliyepaacha ni mimi. Ukitaka ugomvi, gombana na mimi, juu ya mawe, uso kwa uso. Nitakuja na kamba mkononi.

Basi. Hapo nyamaza, kunja karatasi, mwache amalize fufu yake. Yanayobaki ni yako peke yako.

Nikuambie kitu kilichonichekesha kwanza, halafu kikanikasirisha. Ni ile video uliyonitumia ya watu wa klabu ya huko Ulaya, wale waliokuona kwenye mashindano ya mitumbwi ukiwapita wavulana wa ng'ambo ya mto, wakakualika miezi mitatu ya joto lao. Niliona mtumbwi mwembamba kama ganda la maharage. Wasichana wanne ndani yake, wote wameketi, wote wamegeuza mgongo kule wanakokwenda. Na mtu mmoja mdogo nyuma kabisa, hapigi kasia, anapiga kelele tu. Nilidhani simu imeharibika, inaonyesha mambo kinyume.

Zéphyrin akasema, "Hawa wanaenda wapi na mugongo?"

Unajua kwetu ilivyo. Anayepiga kasia husimama. Anayeketi ndani ya mtumbwi ni mzigo, ni mgonjwa, au ni maiti. Babu yako alipovunjika mguu alikataa kabisa kuketi. Tulimsimamisha katikati, watu wawili wakimshika kwapani, akavuka mto hivyo mpaka hospitali, akiwatukana waliomshika kwamba wanamkumbatia kama bibi harusi. Nawe nilikusimamisha kwenye ncha ya mtumbwi ukiwa na miaka saba, mama yako akipiga kelele ukingoni. Ulianguka mara ngapi sijui. Siku uliyoacha kuanguka, ulinigeukia na kuniambia, "Papa, muto imenichoka." Sasa watu wanataka kukuchukua mbali hivyo kukufundisha kukaa chini!

Nilikuwa na hasira siku nyingi. Nilikutungia maneno kichwani wakati napiga mtaimbo. Ukifika huko, simama. Waonyeshe. Waambie sisi ndio watoto wa maji. Namshukuru Mungu kwamba mtandao ulikatika wiki hiyo, maana ningekutumia ule upumbavu, nawe ungenisikiliza.

Mimi nilikwisha kusimama, mama. Nilisimama kwenye mto wa watu, hapahapa, na sikukusimulia kwa sababu huku nimepewa jina ambalo sikutaka lifike nyumbani. Leo nalileta mwenyewe.

Nilipofika Bafwasende, wenzangu wa shimo walikuwa wamenunua pampu ya kutolea maji. Ilitakiwa kuvushwa mto Lindi. Mwenye mtumbwi ni mama mmoja wa hapa, Mama Eyenga, mwembamba, haongei sana. Wakauliza nani atavusha. Nikasema mimi, kabla hawajamaliza.

Mama Eyenga akanitazama. "Unajua hii maji?"

"Mama, mimi ni mutoto ya maporomoko."

"Sikukuuliza wewe ni mutoto ya nini. Nimekuuliza hii maji."

Wote wakacheka, nami nikacheka nao, nikachukua kasia, nikasimama. Zéphyrin aliketi mbele ameikumbatia pampu kama mtoto wake wa kwanza. Tukaondoka.

Wewe unaujua mto wetu: hulia kabla ya kuuma. Mimi na wewe tunapiga kasia kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Penye kelele pana jiwe, na kati ya povu na povu, palipo laini, ndipo njia. Lindi ni mweusi na hausemi kitu. Nikatega sikio, kimya. Nikajiambia huu si mto, hii ni sahani ya mchuzi. Katikati nikaona pale palipo laini kuliko kwingine, panang'aa, na mikono yangu yote ikafurahi kwa sababu ilipatambua. Nikaelekeza ncha palepale.

Chini ya ule ulaini mti mkubwa ulikuwa umelala tangu zamani. Mtumbwi ulipanda juu yake kama beberu. Pampu ikaenda chini, iko chini mpaka leo. Zéphyrin hajui kuogelea. Nilimtafuta nywele nimvute, hana nywele, nikamvuta kwa sikio mpaka ukingoni. Anasema mpaka sasa sikio lile ni refu kuliko mwenzake, na kweli ukimtazama vizuri ni refu.

Tulipotoka tunatapika maji, Mama Eyenga alikuwa amesimama na mikono kiunoni. Akawaita wanawake waliokuwa wakiosha mihogo. "Kuyeni muone! Mutoto ya maporomoko amezama ndani ya maji ya kunywa!"

Tangu siku hiyo jina langu huku ni Maji ya Kunywa. Mwenye shimo, yule tunayemwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, ingawa anavaa kandambili moja ya bluu na moja nyekundu, ananiita hivyo. Watoto wananiita hivyo. Padri alijizuia mara moja, halafu naye akashindwa. Msimu mzima tulichota maji ya shimo kwa ndoo, mikono kwa mikono, na hakuna aliyenifukuza. Kila ndoo iliyopita mtu alisema tu, "Karibu, Maji ya Kunywa," akanipa.

Usidhani nilijifunza unyenyekevu. Huo nawaachia makatekista. Mimi bado ni mtoto wa maporomoko, na mtu akiniambia si kweli tutapigana. Lakini nilijua siku ile kwamba mikono yangu inajua mto mmoja tu, na kwamba ilipofurahi ndipo ilipokuwa hatarini zaidi. Huko uendako, pale utakapopaona panafanana na kwetu, pale ambapo mwili wako utasema hapa napajua, hapo ndipo uulize. Uliza kwa sauti, mbele ya wote. Atakayecheka acheke. Mimi nimechekwa na mji mzima, na asubuhi yake nilikula pondu kama kawaida.

Kwa hiyo wakikuambia uketi, keti. Wakikuambia ugeuze mgongo, geuza. Si kwa sababu wanajua kuliko sisi. Ni mtumbwi wao, ni mto wao, na hujazaliwa juu yake.

Na hili la mgongo nimelielewa ndani ya shimo. Sikukuambia namna tunavyoshuka. Tunashuka miguu kwanza, uso kwenye ukuta wa udongo, mgongo kwenye giza. Huoni unakokwenda. Siku ya kwanza nilitaka kuinama nitazame chini, Zéphyrin akanivuta kwa ukosi wa shati. "Maji ya Kunywa, ukichungulia utaanguka. Macho yako iko kwa miguu. Macho ingine iko kwangu, huku juu." Ana mdomo mchafu na anaiba chumvi yangu, lakini kamba ile hajawahi kuiacha hata kupiga mbu. Basi nilipoitazama tena video yako, yule mtu mdogo anayepiga kelele nyuma nikamwelewa. Yule ni Zéphyrin wenu. Mchunguze siku za kwanza, uone kama anatazama maji au anatazama wanaomtazama. Ukiona ni mtu wa kazi, acha kugeuza shingo, vuta. Na akiwapeleka kwenye mti uliolala, mwambie hapohapo, kwa Kifaransa cha kwenye mawe yetu, usikipake mafuta.

Umeniambia mto wenyewe unaitwa Meuse, na kwamba una milango ndani ya maji, inafungwa na kufunguliwa ili mashua zipite. Mto wenye milango! Kwetu kuna nyumba ambazo hazina. Nilimsimulia Mama Eyenga, akafikiri sana, akasema, "Na funguo iko kwa nani?" Ukimjua mwenye funguo, uniandikie, mama huyu haniachi na swali hilo.

Kuna jambo jingine, na hili naliandika nikiwa nimekaza meno. Watakuja watu huko watakaotaka usimame. Si wenye mitumbwi, hao hawana neno. Wengine, wenye simu na kamera. Watasema, huyu anatoka kwenye maporomoko ya Kongo, asimame kidogo, aimbe kidogo, avae kitu cha kwao. Najua, kwa sababu nimeshaimba.

Nilipokuwa na umri kama wako wageni walikuwa wakija kutuona. Walikuja mchana, wakati vikapu vimekwisha kupandishwa asubuhi na hakuna samaki. Tulipanda miti hivyo hivyo, tukaimba, tukavuta vikapu vitupu, tukafanya nyuso za kushangaa. Siku moja nikaona aibu ya kikapu kitupu. Nikaenda sokoni asubuhi, nikachukua samaki mnene kwenye meza ya shangazi yangu, nikamficha ndani ya kikapu. Wageni wakaja, nikapanda, nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikamnyanyua juu. Wakapiga makofi. Kisha mzee mmoja mgeni, anayejua Lingala kidogo, akamshika yule samaki, akamgeuza, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Samaki wenu hujipara magamba wenyewe?"

Shangazi alikuwa amekwisha kumpara na kumpasua tumbo. Mimi katika haraka yangu sikutazama. Floribert alicheka mpaka akaanguka majini, na hilo ni jambo moja zuri ninalolikumbuka juu yake siku hiyo.

Nililolia baadaye halikuwa kicheko. Ni kwamba mahali petu, pale tunapolia na kula na kuzikiana, nilipafanya jukwaa kwa mkono wangu. Kwa hiyo ukitaka kusimama uwaonyeshe, simama, wewe ni bingwa, na mtumbwi wa kusimamia watautafuta. Ukitaka kuimba, imba. Lakini uwe umetaka wewe. Wakikuomba na moyo wako ukagoma, sema, "Leo hakuna samaki." Ni jibu zuri. Mimi sikuwa nalo.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizunguka tangu asubuhi, hata Trésor amepita mara mbili akiniuliza, "Papa, ni barua ama ni Biblia?"

Ulipotaka kubaki, ulitaka kubaki kwa ajili yangu. Tuseme wazi. Mahali pale ni pangu na sikuwepo kupashika. Ningekuwa nyumbani, Floribert asingefungua mdomo, nawe ungekuwa unakunja nguo zako kwa furaha. Sikuwepo kwa sababu dhahabu haijanipenda, nami nikaona haya kurudi bila yake. Huku wako watu, Georgine, waliokuja vijana na sasa meno yamewatoka. Siyo kwamba wanapenda matope. Kila mmoja anangoja lile jiwe litakalomrudisha nyumbani na uso. Wanasema, "Mutu harudii kwao mikono mitupu." Wanaisema kama sala. Mimi nimeisema pia. Nimeisema mwaka mzima na zaidi, na kila nilipoisema nilijiona mwanamume, kumbe nilikuwa naning'inia tu kama kikapu mchana.

Mama yako alinipigia siku mbili baada ya sauti yako. Unamjua, hapandishi sauti. Alisema, "Mutoto ataenda. Hiyo nimekwisha kukata. Nakuuliza wewe sasa. Nimechoka kuwa mujane ya mutu anapumua." Kisha akaniuliza kama kikohozi kimepona, akanitakia usiku mwema. Nilibaki na simu mkononi juu ya kilima mpaka Zéphyrin akainyang'anya, kwa kuwa ni yake.

Nikamwambia palepale, "Zéphyrin, narudi."

"Umepata kitu?"

"Sijapata."

"Utarudi na nini sasa?"

"Na miguu."

"Watakucheka, kaka."

"Wacheke. Naitwa Maji ya Kunywa. Watanicheka nini kipya?"

Akakuna lile sikio lake refu. Nilidhani atanipa ile sala ya mikono mitupu. Badala yake akasema, "Huku msitu umejaa kekele. Kule kwenu karibu na mji mumezimaliza. Juu ya nini uende mikono mitupu, mujinga wewe?"

Tangu siku hiyo, tukitoka shimoni, tunaingia msituni na panga. Zéphyrin, ambaye hajawahi kuona maporomoko yetu na anaogopa hata beseni, anakwea miti kuvuta kamba ambazo hatazitumia. Ana mikwaruzo mpaka kwenye upara. Tumezichagua ndefu, zisizo na fundo, unene wa kidole gumba, tumezikunja na kuziloweka kwenye kijito nyuma ya kibanda zisikauke. PDG alipita akaziona, akauliza ni biashara gani. Nikamwambia siuzi. Akatikisa kichwa. Lakini jana kijana wake mmoja alikuja na mzigo wa kamba begani, akautupa, akasema, "PDG amesema ongeza hii, Maji ya Kunywa, usituaibishe."

Usituaibishe! Wao! Nimelifikiria neno hilo usiku kucha. Nilidhani nitaondoka hapa kama mwizi, na sasa shimo zima linanituma.

Sirudi na dhahabu. Sitakudanganya, na mama yako usimdanganye. Sina nguo mpya ya kumletea, sina bati la paa. Nitashuka kwenye gari la mizigo pale barabarani nikiwa nimebeba kamba, na majirani watanitazama mikono, kisha mabegani, kisha watatazamana. Nimekwisha kupita mbele yao kichwani mwangu mara nyingi. Mara za kwanza nilipita upesi. Siku hizi napita polepole, nasalimia kila nyumba, namuuliza kila mtu habari za wagonjwa wake.

Na Floribert atakuwa kwenye mawe. Namjua. Atakuwa amefika kabla yangu na kamba zake mbovu. Nitamwambia, "Mudogo, shika ncha hii." Akishika, tutafunga yangu, halafu tutafunga yake, nikimwonyesha fundo alilofunga mwanangu, lile ambalo mto ulishindwa kulifungua. Asiposhika, nitafunga peke yangu, kama ulivyofunga wewe. Miti itasimama kwa vyovyote. Hilo si tumaini, nakuarifu.

Kwa hiyo ukiwa huko, umeketi, umeipa mgongo njia, na yule mtu mdogo anapiga kelele, usianze kufikiri juu ya matundu matatu ya mwamba. Kichwa chako kiwe ndani ya mtumbwi huo. Nimekuachia mzigo wangu mwaka mzima, ukaubeba umesimama. Uweke chini sasa. Keti, mama. Anayeketi si mzigo, babu yako hakujua kila kitu, na wewe ukimkuta ndotoni mwambie nimesema mimi.

Vuta kwa mgongo wote. Ukishinda, shinda waziwazi, usiombe radhi. Ukizama, toka, tema maji, uliza jina lako jipya ni nani, ulibebe.

Trésor amewasha pikipiki na anapiga honi kama mtu aliyefiwa. Namalizia.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu kuna gari la mizigo linaloshuka Kisangani, nimekwisha kuongea na dereva, na kamba zina nafasi yake juu ya magunia. Mwezi wa saba ukianza, maji yakiwa bado yanashuka na mwamba wa kwanza haujatoa kichwa, mimi nitakuwa nimesimama pale nangoja ukitoe. Wewe unarudi mwezi wa tisa, kabla mto haujajaa. Mti wa kwanza na wa tatu utaikuta tayari. Kwenye mti wa kati nitaacha fundo moja wazi, la juu kabisa, na sitamruhusu mtu alifunge mpaka uje.

Papa wako,
Anselme, Maji ya Kunywa